Mgao siku tatu, bili maradufu: maji yanaenda wapi?

*"Tunaishi Tegeta, tuko sita pamoja na binti anayetusaidia kazi. Maji ya bomba tunapata siku tatu kwa wiki, tena usiku, na tuna simtanki la lita 5,000 juu ya mnara. Kwa muda mrefu tulikuwa tunatumia uniti 14 au 15 kwa mwezi. Miezi mitatu sasa zinakuja 30, 31. Fundi amesema mita inahesabu hewa. Mume wangu anasema binti anaacha koki wazi akifua, na imefika mahali anataka kumrudisha kwao. Jirani ametushauri tuchimbe kisima tuachane na bili. Mimi ningependa pia kuvuna maji ya mvua ili tuwe na matumizi endelevu. Tuanzie wapi, na je, kweli hewa inaweza kuzungusha mita?"*

Dada yangu, nianze na binti, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuumia wakati sisi tunahesabu uniti. Uniti moja ni lita 1,000. Mmeongeza uniti 16 kwa mwezi, yaani lita 530 hivi kwa siku. Hayo ni madumu 26 ya lita 20 yanayopotea kila siku, hata Jumapili na sikukuu. Mtu akimwaga maji kiasi hicho uani, mngeona tope, mngeona nyasi zimestawi pale pembeni ya kamba ya kuanikia. Halafu kufua si kazi ya kila siku. Upotevu unaorudi miezi mitatu mfululizo kwa kiwango kilekile, karibu kila mara unatokana na kifaa kilichoharibika. Tafadhali mwombe mzee asimrudishe mtoto wa watu kwao kabla hamjafanya vipimo nitakavyoeleza hapa.

Kuhusu hewa, fundi wenu hajasema uongo, ila amelipatia jambo dogo uzito mkubwa. Maji yakikatika, bomba la mtaani hubaki na hewa. Yakirudi, huisukuma hewa hiyo mbele, nayo hutokea popote penye njia, ikiwemo kwenye boya la tanki lenu (kifaa kinachoelea na kuyafunga maji tanki likijaa), ambalo wakati huo limeshuka na kuacha mlango wazi. Mita nyingi za majumbani hazitofautishi hewa na maji. Chochote kinachopita kwa nguvu huzungusha kifaa cha ndani, na namba zinasogea. Lakini hewa hiyo haiwezi kuzidi nafasi iliyokuwa tupu ndani ya bomba. Bomba la mtaani lenye upana wa ndani wa sentimita 10 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita moja ya urefu. Chukua urefu wa mita 300: ni lita kama 2,400, na hewa hiyo inagawanywa kwa nyumba zote za laini hiyo. Hata tukisema nyumba yenu peke yake inapitisha lita 100 za hewa kila maji yanaporudi, mara 13 kwa mwezi, ni uniti moja na kidogo. Kumi na tano zilizobaki zimekwenda kwingine. Na mtu akiwauzia kifaa cha "kuzuia hewa" kinachofungwa kabla ya mita, kataeni. Sehemu hiyo ni ya mamlaka ya maji, na kuigusa kutawaletea faini juu ya bili.

Kabla ya kupanda mnara, chukua ankara ya mwezi huu uende nayo kwenye mita. Tarakimu nyeusi ndizo uniti; nyekundu ni vipande vya uniti. Usomaji ulioandikwa kwenye ankara unapaswa kuwa chini kidogo ya unaouona sasa. Kama ankara imeizidi mita, basi mmekadiriwa au namba imeandikwa vibaya, na hapo tatizo si maji hata kidogo. Piga picha ya mita na uipeleke ofisi yenu ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Lakini makosa ya namna hiyo kwa kawaida hujirekebisha mwezi unaofuata. Yenu imerudia mara tatu, kwa hiyo nadhani mita inasema kweli.

Sasa nifike kwenye kiini. Watu wengi wanafundishwa kupima uvujaji kwa njia moja: funga koki zote, angalia mita, ikisimama nyumba ni salama. Kwa nyumba inayopata maji moja kwa moja kutoka bombani, kipimo hicho kinatosha. Kwa nyumba yenye simtanki kinadanganya, na hapa ndipo hata mafundi wenye uzoefu wanapopotea. Nyumba yenu ina sehemu mbili zisizoonana. Ya kwanza ni kutoka mita hadi mdomo wa tanki. Hii ina maji usiku wa mgao tu. Ya pili ni kutoka kitako cha tanki hadi vyooni, bafuni na jikoni. Hii ina maji saa zote, siku saba, kwa sababu tanki lipo juu na linaisukumia. Sehemu ya pili ikivuja mchana wa Jumanne, mita haijui kitu, maana hakuna maji yanayopita. Deni linalipwa usiku wa Jumatano maji yanapokuja kujaza pengo. Ndiyo maana mgao haujawapunguzia bili. Bomba linatoa maji siku tatu, lakini tanki linaulisha uvujaji siku zote saba.

Kwa hiyo pimeni kila sehemu peke yake.

Usiku maji yanapotoka, fungeni koki inayoingiza maji kwenye simtanki, pamoja na koki yoyote inayopata maji moja kwa moja, ambayo mara nyingi ni ile ya uani. Kisha mulikeni mita kwa tochi ya simu. Kwenye uso wa mita kuna kigurudumu kidogo, aghalabu chekundu au cheusi, chenye umbo la nyota au pembetatu. Hicho huzunguka hata kwa mchirizi mwembamba ambao hausogezi namba. Kikizunguka wakati kila kitu kimefungwa, bomba la ardhini kati ya mita na tanki limepasuka. Msilichukulie jambo hili kama la bili tu. Maji yakikatika, bomba hubaki bila msukumo, na ule ufa uliokuwa ukitoa maji huanza kunyonya maji ya nje. Kama bomba limepita karibu na shimo la choo au mtaro, kinachonyonywa ndicho kitakachopanda kwenye tanki usiku unaofuata.

Kikitulia, fungueni koki ya tanki na mwache lijae. Likishajaa, nendeni mkaangalie lile bomba la kufurikia linalotoka juu ya tanki. Boya likichakaa halifungi vizuri, na usiku wa manane ndipo linaposhindwa zaidi, kwa sababu majirani wamelala, matumizi yameshuka na msukumo umepanda. Bomba la nusu inchi lenye msukumo mzuri linaweza kutoa lita zipatazo 1,000 kwa saa. Tanki likijaa saa saba usiku na boya likaacha njia hadi alfajiri, mnapoteza uniti kadhaa kwa usiku mmoja, na mchanga wa Tegeta unayanywa yote kabla jogoo hajawika. Asubuhi pamekauka, hakuna shahidi. Mkimwita fundi, mwambie auelekeze mdomo wa bomba hilo mahali panapoonekana na kusikika, kwa mfano juu ya kipande cha bati karibu na dirisha la chumba chenu. Mtalala kwa shida usiku mmoja, lakini mtajua.

Sehemu ya pili ipimeni mchana, siku isiyo ya maji. Msipande mnara gizani. Mtu aliyezoea apande, aingize kijiti kirefu kilichonyooka hadi chini ya tanki na kuweka alama maji yalipofika. Kwa muda wa saa tatu pasiwe na mtu wa kutumia maji, wala choo kisivutwe. Kisha apime tena. Tanki la lita 5,000 lina upana wa takriban mita 1.8, hivyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita kama 25. Alama isiposogea, mabomba ya ndani ni mazima. Ikishuka sentimita moja na nusu au mbili, mnapoteza lita 12 hadi 17 kwa saa, usiku na mchana, nazo ni kati ya uniti 9 na 12 kwa mwezi.

Mimi ningeanzia chooni, na ningeshangaa nisipokuta kitu. Ndani ya sisteni, yaani lile tanki dogo la choo, chini kabisa, kuna raba inayoziba tundu hadi mtu avute. Klorini huikausha ikawa ngumu. Na kwenye mitaa ya mgao kuna adui mwingine: maji yanaporudi baada ya siku mbili hutimua mchanga na kutu zilizotulia bombani, uchafu huo hupita tanki, hufika sisteni na kukaa chini ya raba. Chembe moja inatosha kuacha upenyo. Maji huteremka kwenye bakuli kimyakimya, kwenye ukuta wake wa nyuma, bila sauti na bila kumwagika sakafuni. Upenyo unaotoa nusu lita kwa dakika mbili unakula lita 15 kwa saa, 360 kwa siku, karibu uniti 11 kwa mwezi. Mkiwa na vyoo viwili vyenye tatizo hilohilo, hata kama cha pili kinavuja kidogo tu, hesabu ya uniti zenu 16 imekamilika.

Kupima hakuhitaji fundi. Chemsha chai ya rangi iliyokolea, iache ipoe, mimina kikombe kizima ndani ya sisteni na msivute choo kwa nusu saa. Bakuli likigeuka rangi, raba inapitisha. Tazama pia kile kijibomba kilichosimama katikati ya sisteni. Kama maji yamefika mdomoni mwake na yanaingia, boya la sisteni limewekwa juu mno na linahitaji kushushwa. Raba ni kifaa cha bei ndogo, kinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ila nenda na ile ya zamani mkononi, kwa maana zinatofautiana upana na muuzaji akikupa ya kukisia utarudi. Kabla ya kufunga mpya, pangusa kingo za tundu kwa kitambaa, uondoe mchanga. Ukiruka hatua hiyo, raba mpya itavuja kama ya zamani ndani ya wiki.

Mkishaziba, mtarudi kwenye uniti 14 au 15. Kwa watu sita hiyo ni kama lita 80 kwa mtu kwa siku, na si ubadhirifu. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kama kiasi kinachomtosheleza mtu kwa mahitaji yake ya msingi. Ukitaka kushuka zaidi, choo tena ndicho chenye nafasi kubwa. Sisteni za zamani hutumia lita 9 au zaidi kila ikivutwa. Watu sita wakivuta mara nne kila mmoja, ni zaidi ya lita 200 kwa siku. Zile zenye vitufe viwili, vya lita 3 na lita 6, hupunguza hayo kwa zaidi ya nusu. Kama hamna fedha ya kubadilisha sasa, tumbukizeni chupa ya lita moja iliyojazwa maji na kufungwa vizuri, pembeni, mbali na boya. Wengi huweka tofali. Tofali humomonyoka, na chembe zake huenda kukaa palepale chini ya raba.

Maji ya suuza ya mwisho mnapofua ni mazuri kwa kuflashi choo au kumwagilia migomba na mipapai shinani. Yatumieni siku hiyohiyo, yakilala yananuka na kuzaa vijidudu. Yenye Jik msimwagie mmea wowote, na mboga inayoliwa mbichi isiguswe kabisa na maji ya kufulia.

Kisima sasa. Naelewa mvuto wake: mtu amechoka na mgao, anaona jirani ana maji kila saa. Lakini kwa Tegeta nakushauri usiharakishe. Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi yanayotoka baharini, kwa sababu ya chumvi ni mazito. Kanuni inayojulikana ni kwamba kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukivuta maji kwa pampu hadi usawa ushuke mita moja, maji ya chumvi hupanda kwa kiasi kikubwa kujaza nafasi. Ndiyo maana visima vya pwani huanza vitamu na baada ya miaka kadhaa vikageuka magadi, hasa kila nyumba ikiwa na chake. Kisima chako hakikai peke yake; pampu ya jirani na yako zinavuta kutoka mahali pamoja.

Jambo la pili ni vyoo. Maeneo mengi ya Dar es Salaam hayajaunganishwa na mfumo wa majitaka, tunatumia mashimo. Umbali unaopendekezwa mara nyingi kati ya kisima na shimo la choo ni mita 30 au zaidi. Pima kiwanja chenu, halafu ongeza na mashimo ya majirani wa pande zote nne. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 hakina pa kuweka umbali huo. Kama baada ya yote mtaamua kuchimba, tafuteni mchimbaji mwenye leseni, ombeni kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na maji yapimwe maabara, chumvi na vimelea, kabla hamjanunua pampu. Na mjue kwamba kisima hakiponyi uvujaji. Raba ileile itaendelea kumwaga lita 360 kwa siku, safari hii mkizilipia kwenye Luku, kwa umeme wa pampu.

Mvua ndiyo niliyofurahi kuiona kwenye swali lako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, nyingi ikiwa ya masika, Machi hadi Mei, na nyingine ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Paa la mita za mraba 100, tukiondoa moja ya tano inayoruka na kupotea, linaweza kukusanya karibu lita 88,000 kwa mwaka. Hizo ni uniti 88, matumizi yenu ya karibu miezi sita. Hapo watu wengi husisimka, nami nakuomba utulie kidogo, kwani mvua haiji kwa mpangilio wa mahitaji. Aprili peke yake inaweza kujaza tanki la lita 5,000 mara nne, kisha Julai na Agosti zipite bila tone la maana. Tanki hilo, kwa matumizi yenu ya lita 500 kwa siku, linadumu siku kumi. Kwa hiyo mvua itawapa miezi ya masika na vuli yenye bili ndogo sana, haitawavusha kiangazi. Mkilitumia tanki la mvua kwa kufua, kupiga deki na vyoo peke yake, litakaa muda mrefu zaidi. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao mkali, tanki lililojazwa masika na kutunzwa kwa ajili hiyo lilikuwa na thamani ambayo bili haiwezi kuonyesha.

Vifaa vyenyewe ni gata, bomba la kuteremshia, chujio na tanki lenye kivuli. Msiache kujenga njia ya kumwaga maji ya mwanzo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi, majani na kinyesi cha kunguru, hivyo mwageni lita 50 hadi 100 za mwanzo kwa paa la ukubwa huo. Ya kunywa yachemsheni. Kila tundu la tanki lifunikwe kwa wavu laini, kwa sababu mbu anayeeneza homa ya dengue hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, na Dar imeshaonja milipuko yake mwaka 2014 na 2019. Wazee wa Lamu waliweka samaki wadogo kwenye birika za nyumbani wale viluwiluwi vya mbu. Kwa simtanki lililo juu ya mnara, wavu unatosha.

Kuna mambo msijaribu wenyewe. Kigurudumu cha mita kikizunguka huku koki ya tanki imefungwa, na juu ya ardhi hakuna palipolowa, mwiteni fundi bomba atafute laini kabla hamjavunja sakafu. Ukuta wa chini ukianza kulowa au mnara wa tanki ukionyesha ufa au kuinama, punguzeni maji kwenye tanki siku hiyohiyo: likijaa lina uzito wa tani tano. Pampu ikikupiga shoti, zima umeme na usiiguse hadi fundi umeme aje. Kama mna pampu inayovuta moja kwa moja kutoka bomba la mtaani, iondoeni. Inanyonya uchafu wa mtaa mzima, na inatakiwa kuvuta kutoka tanki la chini. Maji yakinuka au kubadilika rangi na mtu akaanza kuharisha, acheni kuyanywa, mpelekeni mgonjwa kituo cha afya, tanki lioshwe na kutiwa klorini.

Na mkiona maji yanachuruzika upande wa mtaani, kabla ya mita, hayo hayako kwenye bili yenu, lakini yametoka Ruvu kama ya kwenu. Toeni taarifa DAWASA, mtaje namba ya mita iliyo karibu, mpige picha, na mwombe namba ya taarifa. Siku tatu zikipita bila fundi kufika, nendeni ofisini na hiyo namba.